Kabalega na Kiti cha Miguu Tisa: Somo kwa Watoto wa Askari

Mtu ashukaye kutoka kilima cha Makerere akafika kwenye taa za barabarani za Wandegeya, akaendelea mbele kwa kupita Mulago na kuishika Barabara ya Kira, atalikuta Jumba la Makumbusho la Uganda baada ya mwendo usio mrefu wa miguu. Askari wengi wa jeshi na wa polisi hupita njia hiyo kila siku, wengine wakiwa kazini, wengine wakienda sokoni Wandegeya kununua chakula cha jamaa zao. Lakini ni wachache kati yetu waliowahi kuingia ndani ya jumba hilo wakiwa wamewashika watoto wao mikono.

Jumamosi moja sisi tuliingia. Tulikuwa na watoto wetu pamoja na watoto wa majirani, wote wanafunzi wa shule za msingi, nao walizifurahia sana ngoma na ala nyingine za muziki zilizowekwa mle. Ndipo mtoto mmoja, ambaye baba yake ni sajini, akauliza kiko wapi kiti cha Mfalme Kabalega ambacho mwalimu wao aliwasimulia darasani. Tulimjibu kwamba kiko Uingereza, katika makumbusho ya mji wa Oxford. Akauliza ni nani aliyekipeleka huko. Tukamwambia kwamba Wanyoro wanasema kilichukuliwa vitani na askari. Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama askari hao walikuwa kama baba yake.

Tumezoea kuulizwa maswali na wakubwa wetu na kuyajibu bila ya kusita, lakini mbele ya swali hilo tulisita. Makala haya ni jibu ambalo hatukuwa nalo siku ile. Na kwa kuwa haiwezekani kumweleza mtoto habari za kiti bila ya kumweleza kwanza habari za mwenye kiti, hapana budi tuanze na maisha ya Kabalega mwenyewe.

KUTAWAZWA KWAKE

Kabalega alizaliwa karibu mwaka 1853, akiwa mwana wa Omukama Kamurasi wa Bunyoro-Kitara, wa nasaba ya Babiito. Alizaliwa wakati nchi ya baba zake ilikuwa imepungua nguvu. Hapo kale Bunyoro ilikuwa dola kubwa katika eneo la maziwa makuu, lakini kwa vizazi kadhaa Buganda ilikuwa imeimega ardhi yake upande wa kusini, na Tooro ilikuwa imejitenga chini ya mwana wa mfalme aliyemwasi baba yake.

Kamurasi alipofariki mwaka 1869, Kabalega na nduguye Kabigumire waliugombea ufalme kwa silaha. Wakuu wengi wa nchi walimpendelea Kabigumire. Kabalega, ambaye bado alikuwa kijana, aliwategemea zaidi watu wa kawaida na wapiganaji, naye akashinda. Alitawazwa kwa jina la Chwa wa Pili Kabalega, na tangu siku hiyo hakuusahau msaada wa watu wa chini, wala hakuisahau hila ya wakubwa.

Hapa ndipo habari ya kiti inapoanza. Omukama wa Bunyoro hakuwa mfalme kwa kuzaliwa peke yake. Ilimpasa apokee vyombo vya enzi vilivyopokewa na baba yake na babu yake: ngoma, mikuki, mataji na viti. Vyombo hivyo vilikuwa na watunzaji wao, watu wa koo zilizokabidhiwa kazi hiyo tangu zamani, nao walijivunia kazi hiyo kama askari ajivuniavyo cheo chake. Namba tisa ina heshima ya pekee katika mila za Wanyoro, na kiti cha miguu tisa hakikuwa kigoda cha kupumzikia baada ya chakula. Kilikuwa mahali ambapo nchi nzima ilikaa pamoja na mfalme wake.

Msomaji wa pwani ataelewa upesi akiikumbuka siwa ya Pate na ya Lamu, ile pembe kubwa ambayo mtawala wa mji alitambulikana kwayo na ambayo haikupulizwa ila kwa jambo zito. Na askari, popote alipozaliwa, ataelewa akiifikiria bendera ya kikosi chake. Dukani ni kitambaa cha bei ndogo. Lakini ikitwaliwa na adui, kikosi kizima hujiona kimevuliwa nguo mbele ya watu.

MASINDI, MWAKA 1872

Kabalega alikuwa hajatawala miaka mitatu alipofikiwa na jaribio lake la kwanza. Mwingereza Samuel Baker, aliyekuwa akimtumikia mtawala wa Misri, aliingia Bunyoro kutoka kaskazini akiwa na askari na bunduki. Tarehe 14 Mei, 1872, alipandisha bendera ya Misri mjini Masindi na kutangaza kwamba nchi ya Bunyoro tangu siku hiyo ni mali ya Misri. Mwenye nchi alikuwa papo hapo, naye hakuulizwa.

Baker alidai kwamba amekuja kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba biashara hiyo ilikuwa imeleta maangamizi makubwa katika nchi za kaskazini. Lakini Kabalega aliona kwamba mgeni anayeanza kwa kupandisha bendera uani kwa mwenyeji hakuja kwa heri tu. Tarehe 8 Juni, 1872, vita vilizuka mjini Masindi. Bunduki za Baker ziliua watu wengi na mji ukateketea kwa moto, lakini baada ya siku chache Baker mwenyewe alilazimika kuondoka na kurudi nyuma kuelekea Mto Nile, akivamiwa njia nzima na wapiganaji waliojificha katika majani marefu.

Baadaye Baker aliandika kitabu ambamo alimchora Kabalega kuwa mtu mwovu asiyeaminika. Picha hiyo ilisomwa na kuaminiwa na wakubwa wa Ulaya kwa muda mrefu. Daktari Emin, Mjerumani aliyekwenda kwa Kabalega mwaka 1877 kwa amani, alimkuta mtu mwingine kabisa, mwenye adabu, akili na ukarimu, lakini taarifa yake haikuweza kuifuta ile ya kwanza. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wizi wa vyombo vya watu hutanguliwa mara nyingi na wizi wa jina lao. Kwanza mtu huitwa mshenzi, na akisha kuitwa hivyo, mali yake huonekana kama haina mwenyewe.

JESHI LA ABARUSURA

Kutokana na mapigano ya Masindi Kabalega alijifunza kwamba ushujaa bila ya utaratibu hautoshi. Alijenga jeshi la kudumu lililoitwa Abarusura. Kabla ya hapo wapiganaji walikuwa wakiitwa na wakuu wa majimbo wakati wa vita, na kila mkuu alikuwa na watu wake. Abarusura walikuwa wa Omukama mwenyewe. Waligawanywa katika vikosi vilivyowekwa sehemu mbalimbali za nchi, wakapewa bunduki zilizonunuliwa kwa pembe za ndovu, na makamanda wao walichaguliwa kwa uwezo wao. Waliojulikana zaidi kati ya makamanda hao ni Rwabudongo na Ireeta. Ndani ya jeshi hilo walikuwamo watu wa makabila mengi, si Wanyoro peke yao.

Kwa jeshi hilo Kabalega aliirudisha Tooro chini ya mamlaka yake, na mwaka 1886 aliwashinda Waganda katika vita vya Rwengabi. Nchi yake ilikuwa na chumvi ya Kibiro, kando ya Ziwa Albert, na mafundi wake walifua chuma kilichotafutwa na majirani. Wafanyabiashara walikuja kutoka Khartoum na kutoka pwani ya Zanzibar.

Hatusemi kwamba Kabalega alikuwa malaika. Abarusura nao walikuwa wakali, na walipopita katika nchi za watu walichukua ng'ombe, chakula na mateka. Watooro na Waganda wana masimulizi yao juu ya jambo hilo, na masimulizi hayo ni ya kweli kwao. Anayemfundisha mtoto historia asimfiche upande huo, kwa maana mtoto akigundua baadaye kwamba alifichwa, hataamini tena hata lile la kweli aliloambiwa.

COLVILE ANAINGIA BUNYORO

Mwaka 1891 Kapteni Lugard, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Waingereza, alimweka Kasagama kuwa mfalme wa Tooro na kujenga ngome za kumzuia Kabalega. Ndani ya ngome hizo aliwaweka askari wa Kisudani waliokuwa wamesalia kutoka katika jeshi la Emin. Kabalega alituma wajumbe kutafuta suluhu, lakini hakusikilizwa.

Mwishoni mwa mwaka 1893 Kanali Henry Colvile, aliyekuwa akiiwakilisha serikali ya Uingereza, alitangaza vita. Jeshi lake lilikuwa na maofisa Waingereza wachache, askari wa Kisudani mia kadhaa, na maelfu ya wapiganaji wa Kiganda chini ya Semei Kakungulu. Mwanzoni mwa mwaka 1894 walifika katika makao makuu ya Kabalega, wakakuta mwenyewe amekwisha kuondoka na kuingia katika msitu wa Budongo pamoja na watu wake.

Yaliyofuata ndiyo yanayotuhusu sisi wenye kuvaa sare. Nchi ilitekwa nyara. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu, pembe za ndovu zilikusanywa, vijiji na maghala ya nafaka vilichomwa. Ufalme wa Bunyoro-Kitara unasema kwamba katika kampeni hiyo askari wa Colvile walitwaa vyombo vya enzi, kikiwamo kiti cha miguu tisa ambacho sasa kimewekwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers huko Oxford, nao umekuwa ukidai kirudishwe.

Tujiulize basi: mikono iliyobeba mizigo hiyo ilikuwa ya nani? Waliotoa amri walikuwa Waingereza. Lakini maofisa hao walikuwa wachache mno kuweza kuibeba mali ya nchi nzima. Waliovunja milango walikuwa Waafrika: Wasudani waliotolewa mbali na kwao wakawa hawana pa kurudi, Waganda waliokuwa na uadui wa zamani na Bunyoro, na wapagazi walioajiriwa. Wengi kati yao hawakujua hata kilichokuwa ndani ya mzigo. Ukweli huu ni mchungu, na kwa sababu ya uchungu wake tumeona afadhali usemwe na askari kuliko usemwe juu ya askari.

MIAKA MITANO MSITUNI

Kabalega hakusalimu amri. Tangu mwaka 1894 hadi mwaka 1899 alipigana vita vya msituni, akishambulia ngome na misafara, kisha akitoweka. Aliposukumwa kutoka Bunyoro alivuka Mto Nile na kuingia nchi ya Walango. Mwaka 1898 alijiunga naye Kabaka Mwanga wa Buganda, ambaye naye alikuwa amewaasi Waingereza. Wafalme wawili ambao koo zao zilipigana kwa vizazi vingi walijikuta sasa wakilala katika kambi moja na kula chakula kimoja. Laiti wangalipatana mapema zaidi, huenda historia yetu ingaliandikwa namna nyingine.

Raia ndio walioteseka zaidi. Njaa na maradhi vilienea Bunyoro, na maeneo ya kusini mwa nchi hiyo, yakiwamo Buyaga na Bugangaizi, yalikabidhiwa Buganda kama malipo ya msaada wake vitani. Katika maeneo hayo yamo makaburi mengi ya wafalme wa Bunyoro, kwa hiyo Wanyoro walipoteza vyombo vya wafalme wao na makaburi yao kwa pamoja.

Tarehe 9 Aprili, 1899, jeshi lililoongozwa na Kanali Evatt liliizingira kambi ya Kabalega huko Kangai, katika nchi ya Lango. Alipigana mpaka risasi ilipomvunja mkono, akakamatwa pamoja na Mwanga. Mkono huo baadaye ulikatwa.

Kuna jambo moja ambalo kila mwanafunzi wa chuo cha kijeshi angepaswa kuliweka kichwani. Mwezi uliofuata, Mei 1899, mataifa makubwa yalikutana mjini The Hague, nchini Uholanzi, kuandika kanuni za vita vya nchi kavu. Kanuni mojawapo walizozipitisha inakataza kupora mji, hata kama mji huo umetekwa kwa mapigano. Uingereza ilikuwako katika mkutano huo. Bunyoro haikuwako, wala haikualikwa, na kanuni hizo ziliwalinda tu wale waliotia sahihi. Kwa hiyo katika mwaka ule ule aliofungwa Kabalega, waliomfunga walikuwa wanajua vizuri kwamba uporaji ni aibu ya askari. Walijua, lakini waliona kwamba aibu hiyo haifiki Afrika.

UHAMISHONI NA KUFA

Kabalega na Mwanga walipitishwa Kampala, wakapelekwa pwani na Kismayu, na mwaka 1901 wakahamishiwa visiwa vya Shelisheli katika Bahari ya Hindi. Huko walimkuta mfungwa mwingine wa kifalme, Prempeh wa Asante, kutoka nchi ambayo leo ni Ghana. Habari ya Prempeh inafanana na yetu kwa namna ya ajabu. Mwaka 1900 gavana wa Kiingereza aliwadai Waasante wamletee Kiti chao cha Dhahabu, ambacho kwao ni roho ya taifa, ili yeye akikalie. Waasante waliingia vitani wakiongozwa na mwanamke, Yaa Asantewaa. Walishindwa katika vita hivyo, lakini walikuwa wamekificha kiti na Waingereza hawakukipata. Hivyo katika kisiwa kimoja waliishi watu wawili waliopoteza falme zao: mmoja kiti cha watu wake kilikuwa salama nyumbani, na mwingine vyombo vya watu wake vilikuwa vimetawanyika.

Mwanga alifariki Shelisheli mwaka 1903. Kabalega aliishi. Mtu mzima aliyekuwa ameongoza majeshi alikaa chini akajifunza kusoma na kuandika, akabatizwa kwa jina la Yohana. Nyumbani, wanawe walitawala mmoja baada ya mwingine chini ya macho ya wakoloni. Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi. Alifika Jinja, na huko Mpumudde, tarehe 6 Aprili, 1923, akafariki kabla ya kuiona Bunyoro. Miaka 24 ilikuwa imepita tangu kukamatwa kwake, ikipungua siku tatu tu. Mwili wake ulizikwa Mparo, karibu na Hoima, mahali palipokuwa makao yake.

YALIYORUDI NA YASIYORUDI

Mwaka 1964, baada ya uhuru, wananchi wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura wakachagua kurudi Bunyoro. Ardhi iliyotwaliwa ikarudi. Lakini kiti cha miguu tisa hakijarudi.

Hata hivyo yako yaliyorudi, na watoto wetu wanapaswa kuyajua. Jumba letu la makumbusho lilianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Kampala ya zamani. Kwa kuwa ndani yake viliwekwa vitu vingi vya dini za jadi, wananchi waliliita Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya mizimu na hirizi, nao waliliogopa. Katika miaka ya 1940 vitu hivyo vilitunzwa Makerere, juu ya Wandegeya, chini ya uangalizi wa Bibi Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa. Mwaka 1954 vilihamishiwa kilima cha Kitante, vilipo hadi sasa.

Kati ya vitu vilivyorudi ni mabaki ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda. Masimulizi ya Waganda yanasema kwamba Kibuuka alikuwa shujaa aliyepigana kutoka mawinguni, mpaka siku mishale ya Wanyoro ilipomfikia. Mabaki yake yalihifadhiwa Mbaale, katika Mawokota. Mwanzoni mwa karne ya 20 mmisionari John Roscoe aliyapeleka Cambridge, nchini Uingereza, na yakarudishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru wetu. Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Waganda walimsaidia Colvile kuiteka Bunyoro mwaka 1894, na kabla ya miaka 15 kupita shujaa wao wenyewe alikuwa amefungwa sandukuni na kusafirishwa Ulaya. Anayemshikia mwizi taa ili aibe kwa jirani asishangae usiku mwingine akisikia hatua mlangoni pake.

Mwezi wa Juni 2024 vitu vingine 39 viliwasili katika jumba hilo hilo kutoka Cambridge. Vililetwa kwa mkopo wa miaka mitatu. Wako wanaouliza inakuwaje mwenye mali akopeshwe mali yake, nasi hatuwalaumu kwa kuuliza. Lakini tunaona kwamba kitu kilicho mbele ya macho ya mtoto wa Uganda, hata kwa mkopo, humfundisha zaidi kuliko kilicho katika kabati la mbali.

JINSI YA KUWAFUNDISHA WATOTO

Baadhi ya wenzetu husema kwamba mambo haya ni kazi ya walimu. Sisi tunasema kwamba ni kazi ya mzazi, na kwa mzazi askari ni wajibu mara mbili. Watoto wa kambini wanakua mbali na vijiji vya babu zao. Katika safu moja ya nyumba wamo Mwacholi, Mganda, Mnyankole, Mlugbara na Mnyoro, na pengine hakuna mtoto hata mmoja aliyekiona kigoda cha babu yake.

Kwanza, aanze na mwenye kitu. Mtoto asionyeshwe ngoma ikiwa ngoma tu. Aambiwe ilipigwa na nani, siku gani, na watu walifanya nini walipoisikia. Kitu kisicho na mwenyewe hakina uchungu kikipotea.

Pili, aelezwe kwa haki jinsi kitu kilivyoondoka. Si kila kilichoko Ulaya kiliporwa kwa bunduki. Vingine viliuzwa, vingine vilitolewa zawadi, na vingine vilitolewa na watu waliokuwa wameambiwa kwamba vitu vya wazee wao ni vya shetani. Mtoto akijifunza kutofautisha, atajua kudai bila ya kutukana, na atajua kwamba mlango mwingine tuliufungua wenyewe.

Tatu, apewe kazi. Wakati wa likizo aandikiwe barua au apigiwe simu bibi yake kijijini, amwulize jina la chombo kimoja cha zamani kilichobaki nyumbani, nani alikichonga na kilitumika vipi. Achore picha yake na kuiandika habari hiyo katika daftari. Watoto wa safu moja wakikusanya madaftari yao, kambi itakuwa na makumbusho yake ndogo. Na polisi wenzetu wanaolinda mipaka na viwanja vya ndege wakumbuke kwamba biashara ya kuiba vitu vya kale haikufa na wakoloni. Kigoda cha zamani ndani ya sanduku la msafiri kinastahili kuulizwa maswali kama vile inavyoulizwa pembe ya ndovu.

Nne, na hili ndilo kubwa, mtoto hujifunza kwa kuutazama mzigo ambao baba au mama yake anarudi nao nyumbani. Katika vita na machafuko ya miaka ya 1970 na ya 1980, watu wenye sare walipora nyumba za raia hapa hapa Kampala. Wako wazee ambao hadi leo wakisikia Kiswahili, lugha hii tunayoiandika na kuipenda, hukumbuka usiku wa kugongewa mlango kwa kitako cha bunduki. Tuliyofanyiwa na jeshi la Colvile tulikuja kufanyiana wenyewe. Askari akirudi kutoka operesheni na redio ambayo hakuinunua, halafu akamweleza mwanawe ubaya wa kuiba kiti cha Kabalega, mtoto ataitazama redio wala hatayasikia maneno. Sheria za kimataifa, ukiwamo mkataba wa mwaka 1954 wa kulinda mali za utamaduni wakati wa vita, ni nzuri, lakini zinaanza kufanya kazi pale tu koplo anaposimama mlangoni pa nyumba isiyo yake na kuondoka mikono mitupu.

Basi jibu letu kwa yule mtoto ni hili. Ndiyo, waliochukua walikuwa askari kama baba yake. Walikuwa na sare na amri, na wengi wao walikuwa na ushujaa. Kama baba yake ni tofauti nao, hilo haliwezi kuthibitishwa na sisi kwa makala ya gazeti. Atalithibitisha baba mwenyewe, kila atakapotumwa mahali penye mali ya watu na hakuna anayemtazama.

Jibu hilo tumempelekea sajini kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kumpa mwanawe. Alilisikiliza mpaka mwisho bila ya kusema neno, kisha akauliza jumba linafunguliwa saa ngapi. Jumamosi ijayo tutakutana naye kwenye taa za Wandegeya, yeye na mtoto wake, twende pamoja.